Onyo la Kompyuta Kazini: Mazoea Yana Taabu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo, na ajali za mashine. Leo nataka tuzungumze juu ya mashine ambayo haikati kidole wala haiunguzi mkono, lakini yaweza kupoteza mshahara wa watu mia kwa dakika chache. Mashine hiyo ni kompyuta. Na msiseme kwamba jambo hili ni la makarani peke yao. Mchumaji wa chai ambaye hajagusa kompyuta maisha yake yote, kilo zake zimo ndani ya kompyuta. Mtu wa zamu ya usiku kiwandani, saa zake za ziada zimo humo humo. Vikipotea, ndiye atakayelala na njaa.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Kompyuta nimejifunza ukubwani, katika ofisi ya tawi letu, na sehemu kubwa ya ninayoyajua nimeyapata kwa kutetea watu. Nitaanza na mmoja wa watu hao.

KISA CHA KARANI WA MIZANI

Katika shamba moja la chai, magharibi mwa Uganda, karani wa mizani alipewa barua ya kujieleza kwa muda wa siku tatu. Kosa lake, barua ilisema, ni kwamba alifungua faili mbaya katika kompyuta, ingawa kompyuta ilimwonya. Faili ile ilikuwa na kirusi, na kirusi kilifunga hesabu za kilo za majuma mawili. Mwajiri alitaka kumfukuza kazi.

Nilikwenda kumwona. Nikamwuliza, "Dada, ni kweli kompyuta ilikuonya?" Akajibu, "Ndiyo, kaka. Lakini inanionya kila siku. Kila nikifungua programu ya mizani inaniuliza kama nina hakika. Siku ya kwanza kazini fundi alinambia nibonyeze Run tu, nisijali. Kwa siku nabonyeza mara ishirini, na siku ya majani mengi hata thelathini."

Asubuhi ile, katika folda ile ile ya programu ya mizani, palikuwa na faili ngeni yenye jina linalofanana na la zamani, tofauti ya herufi mbili tatu tu. Akaibonyeza. Onyo likaja, lile lile la kila siku. Akabonyeza Run, kama alivyofundishwa.

Basi ndugu msomaji, kosa ni la nani? Ili tulijibu swali hilo kwa haki, hatuna budi kwanza kuelewa onyo lile linatoka wapi na kwa nini.

DISKI YA MTANDAO NI NINI

Katika kiwanda au shamba lenye kompyuta nyingi, mara nyingi programu haiwekwi katika kila kompyuta. Huwekwa katika kompyuta moja kubwa iitwayo seva, na kompyuta nyingine huifuata huko kwa waya au kwa mawimbi. Sehemu hiyo ya seva iliyofunguliwa kwa wote ndiyo diski ya mtandao. Ni kama ghala la pamoja. Badala ya kila mtu kuwa na panga lake nyumbani, mapanga yote yako ghalani, na kila mmoja hulifuata asubuhi.

Faida yake ni kubwa. Programu ikibadilishwa, fundi huibadilisha mahali pamoja tu. Lakini ghala la pamoja lina hatari zake. Mtu mmoja akiingiza kitu kibaya ghalani, wote watakikuta.

KWA NINI KOMPYUTA INAULIZA

Windows, yaani mfumo unaoendesha kompyuta nyingi za kazini, ina askari wake wa getini. Kazi yake ni kuangalia faili inatoka wapi kabla haijaendeshwa. Onyo tunalolizungumza lilipata sura yake ya sasa mwaka 2004, Microsoft ilipotoa nyongeza kubwa ya pili ya Windows XP, kwa sababu wakati huo virusi vilikuwa vinaenea sana kwa faili zinazotoka katika barua pepe na intaneti.

Askari huyu amegawa ulimwengu katika kanda tano, na amezipa namba. Namba 0 ni kompyuta yenyewe. Namba 1 ni mtandao wa ndani, yaani kompyuta za kazini petu. Namba 2 ni mahali palipotajwa kuwa pa kuaminiwa. Namba 3 ni intaneti, yaani nje ya ua. Namba 4 ni mahali palipokatazwa. Faili ya programu inayotoka kanda ya 3 husimamishwa na kuulizwa.

Sasa, seva yetu iko chumba cha pili, pengine unaiona kwa macho. Kwa nini askari aiite ya nje? Sababu ni anwani. Kwa kawaida, seva ikiitwa kwa jina fupi lisilo na nukta, askari huidhania kuwa ya ndani. Ikiitwa kwa namba zenye nukta, kama 192.168.1.10, au kwa jina refu lenye nukta, yeye huona nukta zile na kusema, "Hii inafanana na anwani ya intaneti." Basi huiweka kanda ya 3. Ni kama mfanyakazi mwenzenu anayeingia kazini kila siku kwa geti la wageni. Askari wa geti lile hana orodha ya wafanyakazi, kwa hiyo kila asubuhi atamwuliza, "Wewe ni nani? Umetoka wapi?"

Sababu ya pili ni alama. Faili ikipakuliwa kutoka intaneti, Windows huibandika alama iliyofichwa inayosema imetoka kanda gani. Fundi akiipakua programu na kuiweka katika seva bila kuondoa alama ile, onyo litaifuata faili huko iliko.

Sababu ya tatu ni muhuri. Mtengenezaji wa programu anaweza kuitia sahihi ya kompyuta, nayo huonyesha jina lake na kuthibitisha kwamba faili haikubadilishwa tangu alipoitia. Programu isiyo na sahihi ni kama mtu asiye na barua ya utambulisho. Onyo litaandika kwamba mtengenezaji wake hajulikani. Programu nyingi ndogo zinazotengenezwa kwa ajili ya shamba moja au kiwanda kimoja hazina sahihi, na karani wetu alikuwa akitumia moja ya hizo.

NAMNA YA KULISOMA ONYO

Onyo lina mistari minne, nayo husomwa kwa muda mfupi kuliko kuwasha kiberiti. Wa kwanza ni jina la faili. Wa pili ni mtengenezaji. Wa tatu ni aina ya faili. Wa nne ni mahali inapotoka. Chini yake viko vitufe viwili: Run, yaani endesha, na Cancel, yaani acha.

Jiulize hivi. Jina ni lile lile la jana, herufi kwa herufi? Mtengenezaji ni yule yule? Ni programu, au umeambiwa ni barua au hati ya mshahara? Hati ya mshahara ni ya kusomwa, haina haja ya kuendeshwa. Ikija kama programu, hiyo ni hila. Inatoka katika seva yetu, au mahali usipopajua? Jibu moja likiwa na mashaka, bonyeza Cancel na umwite fundi. Hakuna aliyepoteza faili kwa kubonyeza Cancel.

Lakini semeni kweli: nani atasoma mistari minne mara thelathini kwa siku, na foleni ya wachumaji imefika mpaka barabarani, mvua inanyesha, na msimamizi anapiga kelele? Hapo ndipo penye shina la jambo. Waliofanya kazi kwenye boila wanajua. King'ora kikilia kila saa bila sababu, baada ya mwezi hakuna anayeinua kichwa. Siku mvuke utakapozidi kweli, kitalia na watu wataendelea kunywa chai. Hawakuwa wazembe. Waliofundishwa na king'ora chenyewe kutokisikia ndio hao. Mazoea yana taabu.

Kwa hiyo onyo la kila siku lisilo na maana ni king'ora kibovu. Si kazi ya karani kulivumilia, bali ni kazi ya mwenye mtambo kulitengeneza.

NAMNA NZURI YA KULITENGENEZA

Kwanza, linda ghala. Hili huja kabla ya mengine yote. Folda ya programu katika seva iwekwe hivi: wafanyakazi waweze kusoma na kuendesha tu, bila kuandika wala kuongeza kitu. Kuandika awe nako fundi peke yake, tena kwa jina la kuingilia ambalo halitumii kwa kazi za kila siku. Data za kilo na saa ziwekwe katika folda nyingine, mbali na programu. Katika shamba lile programu na data vilikuwa pamoja, na kila mtu aliweza kuandika. Faili mbaya ilikuja na kijiti cha kuhifadhia data, ikaingia katika kompyuta ya ofisi ya hesabu, na kutoka hapo ikajiweka ghalani bila kuzuiwa na yeyote.

Pili, mtajie askari seva yenu. Katika mipangilio ya Windows iitwayo Internet Options, upande wa Security, pako mahali pa Local intranet, yaani mtandao wa ndani. Hapo huandikwa jina la seva, ile moja tu, na kuanzia hapo askari huijua kuwa ya nyumbani. Penye kompyuta nyingi, fundi huweka orodha hiyo mahali pamoja, nayo ikafika katika kompyuta zote. Ni lazima jina liwe lile lile linalotumiwa kuifungua programu. Ukiandika jina fupi halafu njia ya mkato ikaiita seva kwa namba, onyo litabaki.

Tatu, iondolee alama faili iliyopakuliwa, baada ya kuhakikisha ilikotoka. Fundi hufungua sifa za faili ile, na chini ataona mahali pa Unblock, akapachagua. Afanye hivyo kwa faili moja anayoijua. Asifanye kwa folda nzima kwa kuchoka.

Nne, programu itiwe sahihi. Kampuni yenye fundi wa kudumu inaweza kuwa na muhuri wake wa ndani, kompyuta zake zikafundishwa kuutambua. Programu inayonunuliwa, mwajiri adai kwa muuzaji ije na sahihi. Hili huchukua muda, lakini ndilo linalodumu.

Angalieni mpangilio huu. Kumwambia askari aiamini seva ni sawa na kumwambia awaamini wote wanaoweza kuandika katika seva. Mkilitanguliza la pili na kuliacha la kwanza, mtakuwa mmeliondoa onyo na kuiacha hatari.

NAMNA MBAYA

Wako mafundi ambao, wakisumbuliwa na malalamiko, humfukuza askari kabisa. Mmoja huiambia Windows kwamba faili zote za programu, zikitoka popote, hazina hatari. Mwingine huilegeza kanda ya intaneti yote ili isiulize kitu. Mwingine huzima ukaguzi wa kanda katika kompyuta nzima. Onyo hupotea kweli, na kila mtu hufurahi. Lakini limepotea pia kwa faili inayotoka katika barua pepe ya mwizi. Ni sawa na kuondoa king'ora kwa sababu kinalia, badala ya kutafuta kwa nini kinalia.

Njia mbaya kuliko zote haina ufundi wowote: ni ile ya kumwambia mfanyakazi, "Bonyeza tu."

ONYO HALIZUII KILA KITU

Nisiwadanganye, ndugu. Hata onyo likitengenezwa vizuri, yapo mambo ambayo haliwezi. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Kilipita katika udhaifu wa njia ile ile ambayo kompyuta za Windows hutumia kugawana faili, wala hakikungoja mtu abonyeze. Viwanda kadhaa vya magari vya Renault, Ufaransa, vilisimamisha kazi. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha udhaifu huo mwezi wa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao kompyuta zao hazikutiwa kiraka.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo kilikuja kingine, NotPetya. Hicho kilianzia Ukraine, kimejificha ndani ya nyongeza ya programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc, programu ambayo ofisi nyingi ziliiamini. Kilifika mbali hata kiwanda cha chokoleti cha Cadbury mjini Hobart, Australia, kikasimama. Na Machi 2019 kampuni ya aluminiamu ya Norsk Hydro, Norway, ilipofungiwa kompyuta zake, wafanyakazi walirudi kwenye karatasi na kuendesha baadhi ya mitambo kwa mikono ili kazi isife.

La Desemba 2021 latuhusu zaidi sisi wa vyama. Wahalifu waliushambulia mfumo wa Kronos, wa kampuni ya UKG ya Marekani, ambao waajiri wengi walikuwa wakiutumia kuhesabu saa za kazi na mishahara. Kwa majuma kadhaa waajiri hao walirudi kuandika saa kwa mkono, na wafanyakazi wengi walilalamika kwamba malipo yao yalikuja pungufu au yamekosewa, kisha kesi zikafunguliwa. Wafanyakazi wale hawakubonyeza chochote.

KISA KILIVYOKWISHA

Turudi kwa karani wetu. Katika kikao cha nidhamu tuliuliza maswali manne tu. Nani alimfundisha kubonyeza Run? Kwa nini seva iliitwa kwa namba, na kwa nini haikutajwa katika mtandao wa ndani? Kwa nini kila mtu aliweza kuandika katika folda ya programu? Na nakala ya akiba ya hesabu za kilo ilikuwa wapi?

Fundi alikuwa mtu mkweli. Alikubali kwamba yeye ndiye aliyemwambia abonyeze. Akaeleza kwamba alikwisha kuomba muda na fedha za kuipanga seva upya, akaambiwa angoje. Swali la nne lilinyamazisha chumba. Nakala ya akiba ilikuwapo, lakini ilikuwa ndani ya seva ile ile, nayo ikafungwa pamoja na hesabu zenyewe.

Barua ilifutwa, na dada yetu akarudi mizanini. Lakini hesabu za majuma mawili hazikurudi. Kilichowaokoa wachumaji ni vile vikaratasi vidogo vya mizani wanavyopewa kila wanapopima. Waliovitunza walilipwa kilo zao zote. Waliovitupa, au vikalowa mvua, walikadiriwa kwa wastani wa mwezi uliotangulia, na kwa kuwa majani yalikuwa mengi juma lile, walipunjwa. Mama mmoja alileta vikaratasi vyake vimefungwa katika nailoni ya chumvi, vyote vimo, hata kimoja hakikupungua. Alilipwa mpaka kilo ya mwisho. Hajui kusoma.

TAWI LIDAI NINI

Kila tawi lenye wanachama wanaotumia kompyuta, au ambao kilo na saa zao zimo katika kompyuta, lapaswa kuyaweka mambo haya mezani katika kikao na mwajiri:

1. Onyo lolote linalotokea kila siku katika kazi ya kawaida lihesabiwe kuwa ni hitilafu ya mtambo. Liandikwe katika daftari la hitilafu na litengenezwe kwa tarehe inayojulikana.

2. Folda za programu zifungwe, wafanyakazi wasome na kuendesha tu. Tena hili litakulinda wewe mwenyewe, kwa sababu mtu asiyeweza kuandika hawezi kulaumiwa kwamba ameandika.

3. Nakala ya hesabu za kilo, saa na mishahara ichukuliwe kila siku na kuwekwa mbali na seva, nayo ijaribiwe mara kwa mara kama inafunguka.

4. Viraka vya Windows vitiwe kwa wakati, na muda wa kuvitia uhesabiwe kuwa muda wa kazi.

5. Asiadhibiwe mfanyakazi kwa kubonyeza alichofundishwa kubonyeza. Na asiadhibiwe anayebonyeza Cancel na kusimamisha kazi mpaka fundi aje.

6. Mafunzo ya kulisoma onyo yatolewe kwa saa za kazi, kwa lugha wanayoielewa wafanyakazi. Onyo la Kiingereza kwa asiyejua Kiingereza ni picha tu.

7. Vikaratasi vya mizani na kadi za saa viendelee kutolewa, hata mwajiri aseme kompyuta inatosha.

Na katika ofisi zetu za matawi tusijifanye watakatifu. Nasi tuna kompyuta zenye orodha za wanachama, ada na malalamiko ya watu, ambazo zikiangukia mikono mibaya zitaumiza wanachama wetu. Niliporudi kutoka kikao kile niliifungua kompyuta ya tawi letu, nikaona onyo lile lile. Nami kwa miaka miwili nilikuwa nikibonyeza Run bila kusoma. Siku ile nililisoma kwa mara ya kwanza, kisha nikampigia simu kijana mmoja fundi aje kutupangia upya.

Basi, ndugu, kesho asubuhi onyo likitokea, uondoe mkono kwenye kitufe kwanza. Soma mistari minne. Kisha mwulize msimamizi kwa nini linatokea kila siku, na uliandike katika daftari. Vikaratasi vyako vitunze mahali pakavu.

Umoja ni nguvu.